Kula kwenye mgahawa wa Kihabeshi: mwongozo kamili, kuanzia siku ya kwenda hadi kikombe cha mwisho cha kahawa

Chakula cha Kihabeshi hakiagizwi kwa mtu, kinaagizwa kwa sinia. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata. Waache watu wanne kila mmoja achague chake kwenye menyu, na mara nyingi wote wataangukia nyama ya kukaanga. Sinia litakuja limejaa kitu kimoja kikavu, bila mchuzi wa kulainisha injera, ule mkate mpana mchachu unaotandazwa chini, wala mboga za kupoza pilipili. Watakula, watashiba, kisha watatoka wakisema chakula cha Waethiopia ni mkate mchachu na nyama basi. Hiyo ni hasara, maana jiko hili la majirani zetu ni miongoni mwa majiko tajiri kabisa barani Afrika, na wengi wetu tunaishi karibu nalo bila kulijua.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda mara ya kwanza, au aliyekwisha kwenda akala asielewe alichokula. Unafaa ukiwa Addis Ababa kwenyewe, na unafaa pia kwenye migahawa ya Wahabeshi iliyo karibu na wasomaji wengi wa Kiswahili: Kilimani, Hurlingham na Eastleigh jijini Nairobi, Kabalagala jijini Kampala, Dar es Salaam, Deira kule Dubai, hata Washington, ambako Waethiopia wengi walihamia baada ya mapinduzi ya 1974.

Hatua ya kwanza: chagua siku kabla ya kuchagua mgahawa

Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Juu ya siku hizo kuna Kwaresima yao ya siku 55 kabla ya Pasaka, mfungo wa kabla ya Krismasi, ambayo kwao huwa tarehe 7 Januari, na mwingine wa Agosti, kwa kumtukuza Bikira Maria.

Kwako wewe mlaji, maana yake ni hii: siku ya mfungo jiko zima huhamishia nguvu zake kwenye adesi, njegere, dengu na mboga za majani, na vyote hupikwa kwa mafuta badala ya samli. Sinia la mfungo linaitwa *beyaynetu*, na Jumatano au Ijumaa ndipo linapokuwa na vitu vingi na vipya zaidi. Mimi nikimpeleka mtu mara ya kwanza, humpeleka siku hizo, hata kama ni mla nyama wa kutupwa. Mboga ndizo zinazoonyesha ufundi wa mpishi.

Kama unachotaka ni kuku au nyama, basi epuka siku hizo ukiwa Ethiopia, na hasa epuka Kwaresima, kwa sababu bucha nyingi hufungwa na migahawa mingi hupika vya mfungo tu. Nje ya Ethiopia menyu huwa kamili wiki nzima, lakini ni vizuri kupiga simu na kuuliza.

Ukiwa unaweka nafasi ya meza jijini Addis, kumbuka kwamba Waethiopia husoma saa kama sisi: saa moja ya asubuhi ni muda mfupi baada ya jua kuchomoza, saa sita ni mchana. Utata huingia pale tu mnapozungumza Kiingereza, kwani wengine hutafsiri saa zao na wengine huzitaja vilevile zilivyo. Muulize waziwazi: ni saa ya Kihabeshi au ya kizungu?

Nenda mchana, kati ya saa sita na saa nane. Injera huwa ni ya siku hiyo na michuzi haijakaa motoni tangu asubuhi. Migahawa mikubwa ya kitamaduni ya Addis huwa na muziki na ngoma usiku, pamoja na ile dansi ya mabega iitwayo *eskista*. Inapendeza sana kutazama, ila kuongea mezani inakuwa kazi.

Watu watatu hadi watano ndio kipimo kizuri cha sinia moja. Ukiwa peke yako usiogope: agiza beyaynetu, utapata kidogo cha kila kitu.

Hatua ya pili: uliza mambo mawili kabla ya kukaa

La kwanza ni kwa Waislamu. Nchini Ethiopia, Wakristo na Waislamu kwa desturi hawali nyama iliyochinjwa na upande mwingine, na kila upande una bucha zake na migahawa yake. Kwa hiyo swali la halali halimshangazi mtu hata kidogo. Uliza moja kwa moja, utajibiwa moja kwa moja. Nyama ya nguruwe hutaikuta, kwa sababu Waorthodox wenyewe hawaili. Na kama mgahawa si wa Waislamu, beyaynetu ya mfungo haina nyama kabisa.

La pili ni kwa wasioweza kula ngano. Tefi, nafaka ya injera, iliyo ndogo kuliko zote tunazozijua, haina gluteni. Lakini injera nyingi, hasa nje ya Ethiopia ambako tefi ni ghali, huchanganywa na unga wa ngano, shayiri au mtama. Usiridhike na jibu la "injera ni tefi". Uliza kama ni tefi tupu.

Hatua ya tatu: ijue injera, maana ndiyo sahani, kijiko na chakula

Unga wa tefi hukorogwa kwa maji na kuchachushwa siku mbili tatu, kwa kutumia maji ya njano ya chachu iliyotangulia yanayoitwa *ersho*. Kisha humiminwa kwa mzunguko kwenye chuma au kikaango kipana cha udongo, *mitadi*, na kufunikwa. Haigeuzwi. Upande wa chini unatoka laini, wa juu unatoka na matundu maelfu ambayo wenyewe huyaita macho.

Iangalie kabla ya kula. Injera nzuri ina macho yaliyoenea sawasawa hadi pembeni, inakunjika bila kukatika, na ukiigusa ni baridi kidogo na nyororo. Uchachu wake ni wa kupendeza mdomoni, haupaswi kuwa mchungu. Ikipasuka unapoikunja, imekauka, iombe nyingine. Rangi isikudanganye: kuna tefi nyeupe na tefi nyekundu, na injera ya kahawia iliyoiva ina ladha nzito zaidi na kwangu ni bora kuliko ile nyeupe wanayopewa wageni.

Anayeijua *canjeero* ya Wasomali ataona udugu, ila injera ni pana zaidi, ni chachu zaidi, na haiwekwi sukari.

Hatua ya nne: soma menyu kwa mafungu

Menyu inaweza kuwa na majina arobaini, lakini mafungu ni machache.

Fungu la kwanza ni *wot*, yaani mchuzi mzito. *Key wot* ni mwekundu na mkali, kwa sababu ya *berbere*: pilipili kavu iliyosagwa pamoja na vitunguu saumu, tangawizi, iliki ya Kihabeshi, uwatu, habasoda na vingine kulingana na nyumba. *Alicha* ni wa njano, wenye manjano na tangawizi, mpole kabisa. Ukiwa na watoto au mzee asiyeweza pilipili, neno la kukumbuka ni hilo: alicha.

Mfalme wa fungu hili ni *doro wot*, kuku. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho chakula kinachotofautisha mgahawa na mgahawa. Vitunguu vingi mno hukatwa vidogo vidogo na kuwekwa kwenye sufuria bila tone la mafuta. Mpishi hukoroga na kukoroga, anaongeza maji kidogo kila vinapotaka kushika, hadi vinayeyuka na kuwa rojo la kahawia. Ndipo berbere inaingia, inapikwa tena taratibu hadi ukali wa pilipili mbichi uishe. Baadaye ndiyo inakuja samli iliyotiwa viungo, *niter kibbeh*, halafu kuku, ambaye kwa mila hukatwa vipande 12, na mwisho mayai ya kuchemsha yaliyochanjwa ili mchuzi uingie. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Mchuzi uliopikwa hivyo ni mweusi-mwekundu, mzito, na huoni kipande cha kitunguu. Ukiona vitunguu vinaelea na mafuta yamejitenga juu ya maji mekundu, mpishi alikuwa na haraka.

Fungu la pili ni *tibs*, nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo iliyokaangwa na vitunguu, pilipili mbichi na rozmari. *Derek tibs* ni kavu. *Awaze tibs* ina rojo la pilipili. *Shekla tibs* huletwa kwenye chungu kilichowekewa makaa chini, bado inatoa mlio wa kukaangwa.

Fungu la tatu ni la mfungo. *Misir wot* ni adesi nyekundu, ambazo Kenya huitwa kamande, zikiwa na berbere. *Kik alicha* ni njegere kavu zilizopasuliwa, njano na laini. *Gomen* ni sukuma iliyopikwa na vitunguu saumu. *Tikil gomen* ni kabichi, karoti na viazi. *Fosolia* ni maharage machanga ya maganda na karoti. Na kuna *shiro*, uji mzito wa unga wa dengu uliochanganywa na viungo. Omba *tegabino*, ile inayoletwa ikichemka kwenye kichungu chake. Watu huidharau kwa sababu haina sura, lakini Waethiopia wengi ukiwauliza chakula walichokikumbuka walipokuwa ugenini, watakutajia shiro.

Fungu la nne ni nyama mbichi, nalo lina hatua yake hapa chini.

Ukiingia kwenye mgahawa wa Waeritrea, mambo ni hayohayo kwa sehemu kubwa, ila mchuzi mwekundu wa nyama huitwa *zigni*, na tambi na pasta zinakuwapo zaidi.

Hatua ya tano: agiza kwa pamoja

Mtu mmoja na aagize kwa niaba ya wote. Kwa watu wanne, mpango ninaouamini ni huu: beyaynetu ya watu wawili, doro wot moja, na tibs moja ya mbuzi. Basi. Mna mkali, mpole, mkavu, wa majimaji na mboga. Mkitaka kuongeza, ongezeni shiro tegabino, si nyama nyingine. Saladi ya nyanya na pilipili mbichi husaidia kukata mafuta.

Mwambieni mhudumu alete vyote kwenye sinia moja, na aulizwe kama injera ya ziada inalipiwa. Itakuja imekunjwa kama karatasi pembeni, na mtaihitaji.

Ikiwa mnataka kahawa ya jebena, ile birika ya udongo, semeni sasa hivi, msingoje kumaliza kula. Kahawa hukaangwa papo hapo, na haiharakishwi.

Hatua ya sita: nawa, kaa, mega

Sehemu nyingi utaletewa birika na beseni mezani, unyooshe mikono umwagiwe maji. Aanze aliye mkubwa kwa umri. Sinia huwekwa kwenye *mesob*, meza ya nyasi iliyosukwa mfano wa kikapu kirefu, au kwenye meza ya kawaida. Anayetoka pwani, aliyezoea kuzunguka sinia la biriani, hapa atajiona nyumbani: mkono wa kulia, na kila mtu ale upande wake.

Umegaji una namna yake. Chana kipande cha injera cha upana wa kiganja, kutoka kwenye ile iliyokunjwa au kwenye ukingo wa sinia ulio mbele yako. Kiweke juu ya kitoweo, upande wa macho ukielekea chini, kwa sababu macho ndiyo yanayonyonya mchuzi. Bana kwa kidole gumba na vidole viwili, kunja, peleka mdomoni kwa tonge moja. Ukifanya sawasawa, vidole havigusi mchuzi kabisa. Kuvilamba vidole mezani huonekana ni kukosa adabu, na vivyo hivyo kung'ata tonge nusu ukarudisha nusu kwenye sinia. Usivuke sinia kufuata kipande kizuri cha mwenzako. Kikitakiwa kukufikia, mwenyeji atakisogeza.

Anza na vipole kabla ya vikali: kik, kabichi, sukuma, ndipo adesi, ndipo doro wot. Kuku na mayai hugawanywa, hayanyang'anywi. Injera ya chini, iliyokaa chini ya michuzi muda wote, ndiyo tamu kuliko yote, kwa hiyo jiwekee nafasi tumboni. Injera huvimba, anayekula haraka hushtukia ameshiba kabla hajaonja nusu ya sinia.

Halafu kuna *gursha*. Mtu atakunja tonge zuri, alinyooshe hadi mdomoni mwako. Ni heshima na ni mapenzi, na likiwa kubwa ndivyo mapenzi yalivyo makubwa. Fungua mdomo, pokea, shukuru. Kukataa kunaumiza. Mara nyingi litafuata la pili, maana moja peke yake huhesabiwa pungufu. Nawe rudisha: kunja tonge safi, lisilochuruzika, mlishe kwa mkono wa kulia. Kwa watu wasiojuana, hakuna kinacholegeza meza haraka kama hicho.

Mtu mnayemfahamu akipita mkiwa mnakula, mwambieni *enibla*, karibu tule. Na ukiambiwa wewe unayepita, si lazima ukae. Kuitikia kwa shukrani kunatosha.

Hatua ya saba: nyama mbichi, amua kwa akili

*Kitfo* ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa kwa kisu, ikachanganywa na samli ya viungo na *mitmita*, pilipili kali ya rangi ya chungwa. Ni chakula cha fahari cha Wagurage, na huletwa na *ayib*, jibini laini jeupe, pamoja na *kocho*, mkate unaotokana na ensete, mmea wa jamii ya migomba. *Gored gored* ni vipande vya mchemraba, na *tere siga* ni mnofu mzima unaoukata mwenyewe kwa kisu.

Nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kubeba tegu. Hilo Waethiopia wenyewe wanalijua tangu zamani. Maua ya mti wa kosso yalikuwa dawa yao ya minyoo. Mjamzito, mtoto, na mtu mwenye kinga dhaifu asile mbichi, wala asishawishiwe na yeyote. Kwa wengine, kuna njia ya heshima: omba kitfo iliyoiva kabisa, *yebesele*. Ladha ya samli na mitmita inabaki. *Lebleb*, yaani iliyopashwa tu, haijaiva, usidanganyike na joto lake. Hakuna atakayekucheka kwa kuomba iliyoiva, wenyeji wengi huomba hivyohivyo.

Hatua ya nane: vinywaji

*Tej* ni pombe ya asali inayochachushwa kwa majani ya gesho, hunywewa kwenye chupa ndogo ya shingo nyembamba iitwayo *berele*. Ni tamu, na utamu wake unaficha nguvu. Asiyekunywa pombe aulize *birz*, maji ya asali yasiyochachushwa, ila ahakikishe ni mapya, kwani yakikaa huanza kuchachuka yenyewe. Maji ya gesi ya Ambo hushusha chakula vizuri kuliko soda. Na kama kuna *spris*, juisi za parachichi, embe na papai zilizopangwa kwa tabaka kwenye glasi moja, agizeni kwa ajili ya watoto.

Hatua ya tisa: kahawa, msiondoke

Majani mabichi hutandazwa sakafuni, ubani huwashwa. Mama au binti wa nyumba huosha buni, huzikaanga kwenye kikaango mbele yenu, kisha hukipitisha kikaango chenye moshi mbele ya kila mgeni. Usikae tu: vutia moshi kwako kwa mkono, unuse, useme neno zuri. Buni hutwangwa, huchemshwa kwenye *jebena* ya udongo, humiminwa kutoka juu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Bisi huletwa, au *kolo*, shayiri iliyokaangwa.

Kuna miminiko mitatu kutoka buni zilezile: *abol* ndiyo nzito, *tona* inafuata, na *bereka* ya mwisho ni nyepesi, nayo ndiyo ya baraka. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza ni kama kuaga katikati ya dua. Ukiona kahawa itakukosesha usingizi, nywa kidogo kidogo, lakini kaa hadi bereka. Tenga muda wa saa nzima kwa ajili hiyo.

Hatua ya mwisho: bili na kilichobaki

Omba *hisab*. Nchini Ethiopia angalia kama bei za menyu tayari zina kodi ya VAT ya asilimia 15 na tozo ya huduma, maana sehemu nyingine huongezwa mwishoni. Kama tozo ya huduma haipo, bakshishi ya asilimia 10 ni ya kiungwana. Aliyepika kahawa mpe yake mkononi. *Ameseginalehu* ni asante. Litamke taratibu, watakusaidia kulimalizia.

Kwa desturi anayealika ndiye anayelipa. Mkitaka kuchangiana, malizaneni kabla hamjaingia, si mbele ya mhudumu.

Omba mfungiwe kilichobaki, injera mbali na mchuzi. Kesho asubuhi pasha mchuzi kwa maji kidogo na kijiko cha samli au mafuta, chanachana injera vipande, igeuzegeuze humo hadi inywe mchuzi wote. Hiyo ndiyo *firfir*, na Waethiopia huila asubuhi. Injera isiyo na mchuzi ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Itakaa siku mbili tatu. Ikianza kuota madoa ya ukungu, tupa yote, usikate pembeni.